Ripoti za biashara kupitia wavuti: Hesabu huharibikia kwa msimamizi

MFANYABIASHARA anayetaka kujua jana iliuzwa mifuko mingapi ya saruji, nani hajalipa na ghala lipi limebaki tupu, hana haja tena ya kumsubiri mhasibu afungue leja. Anafungua kivinjari kwenye kompyuta au simu, anabonyeza mara mbili tatu, na jibu linatokea likiwa na mchoro wake. Mitambo inayouliza hifadhidata ya kampuni na kutoa ripoti kupitia wavuti imeacha kuwa mali ya mabenki na mashirika makubwa peke yake. Maduka ya jumla, kampuni za usafirishaji, vyama vya akiba na mikopo na hata wauza vipuri wenye matawi mawili wanaitumia.

Kinachosemwa kidogo ni kazi ya mtu anayeusimamia mtambo wenyewe. Mara nyingi ni kijana wa kompyuta aliyeajiriwa kutengeneza printa, akaongezewa na hilo. Ndiye anayeamua nani aone nini, takwimu ipi iitwe "mauzo", na saa ngapi siku ya biashara inafungwa. Maamuzi hayo si ya ufundi. Ni ya fedha, na mwenye mali asipoyafanya yeye, yatafanywa kwa niaba yake na mtu asiyejua uzito wake.

Ukubwa wa soko

Kwa wanaofuatilia hisa za nje, thamani ya programu hizi si jambo la kubahatisha. Mwaka 2007 peke yake ulishuhudia ununuzi wa aina yake: Oracle ilitangaza kuichukua Hyperion kwa dola bilioni 3.3, SAP ya Ujerumani ikaifuata Business Objects, kampuni iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1990, kwa takriban dola bilioni 6.8, na IBM ikafunga mwaka kwa kutangaza kuinunua Cognos ya Kanada kwa takriban dola bilioni 5. Wimbi la pili lilikuja mwaka 2019, Google ilipotangaza kuichukua Looker kwa dola bilioni 2.6 na Salesforce kuichukua Tableau kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 15.7.

Bei hizo hatimaye hulipwa na mteja kupitia leseni. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa kati wameelekea kwenye programu huria, ambazo mtu anaweza kuzichukua na kuzifunga kwenye seva yake bila kulipia leseni. Inayofahamika sana miongoni mwa hizo ni Metabase, iliyotolewa kwa umma mwaka 2015 na kampuni ya San Francisco, Marekani. Nyingine ni Superset, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya Airbnb mwaka huo huo na sasa iko chini ya taasisi ya Apache. Makala hii inaichukua Metabase kama mfano, kwa kuwa ndiyo rahisi kufunga, na wepesi huo huo ndio unaowaponza wengi.

"Bure" hapa ina maana ya leseni tu. Seva inalipiwa kila mwezi, umeme na intaneti vinalipiwa, na mshahara wa msimamizi unalipiwa. Vilevile baadhi ya vidhibiti muhimu, kama tutakavyoona, vimewekwa katika toleo la kulipia.

Unavyofanya kazi

Kwanza ieleweke kwamba mtambo wa ripoti hauhifadhi mauzo. Mauzo yanakaa kwenye hifadhidata ya programu ya kuuzia, ile inayotoa ankara na kupunguza mali ghalani. Mtambo unaingia humo kwa jina na neno la siri alilopewa, unauliza swali kwa lugha ya SQL, unapokea majibu na kuyapanga. Mtumiaji asiyejua SQL anachagua jedwali, safu na kipindi kwa kubonyeza, na mtambo unamwandikia swali lenyewe. Anayeijua anaandika mwenyewe.

Jina hilo la kuingilia ndipo pa kuanzia. Wasimamizi wavivu huupa mtambo jina lile lile la mwenye hifadhidata, lenye uwezo wa kufuta na kubadili. Siku mtu anayeruhusiwa kuandika SQL akikosea mstari mmoja, au mgeni akiingia, ankara zinaweza kufutika. Utaratibu sahihi ni kutengeneza jina jipya ndani ya hifadhidata lenye ruhusa ya kusoma tu, na tena kusoma majedwali yanayohitajika. Jedwali la mishahara likiachwa nje hapo, hakuna kosa la baadaye kwenye mtambo litakaloweza kulionyesha. Kazi hii haichukui nusu saa.

Ruhusa: palipo na hatari zaidi

Tuchukue mfano wa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi mwenye ghala kuu Dar es Salaam na matawi Morogoro na Dodoma. Ana mameneja watatu wa matawi, wauzaji kumi na wawili, mhasibu mmoja, na mkaguzi wa nje anayekuja mara moja kwa mwaka. Anataka kila meneja aone tawi lake, wauzaji waone bei na mali iliyopo, na mhasibu aone vyote. Bei ya kununulia, yaani ile aliyopewa na kiwanda, asiione muuzaji yeyote, kwa sababu ikimfikia mteja kupitia muuzaji, kujadiliana bei kumekwisha.

Msimamizi anafungua kundi la "Wauzaji", analipa ruhusa ndogo, anawaingiza wauzaji kumi na wawili, anafurahi. Siku ya pili muuzaji wa Dodoma anaisoma bei ya kununulia kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Sababu ni hii. Katika Metabase kila mtumiaji yumo ndani ya kundi la watumiaji wote, na hawezi kutolewa humo. Mtambo ukifungwa, kundi hilo huwa na ruhusa pana. Na ruhusa hujumlishwa: mtu aliye katika makundi mawili anapata ile iliyo kubwa zaidi. Kumweka muuzaji katika kundi lenye ruhusa ndogo hakumpunguzii kitu maadamu kundi la wote limeachwa wazi. Kinachotakiwa ni kinyume chake, yaani kulifunga kwanza kundi la wote hadi libaki halina kitu, kisha kufungua kidogo kidogo, kundi baada ya kundi. Msimamizi anayefanya hivyo siku ya kwanza ana kazi ya saa moja. Anayengoja mpaka watumiaji wafike arobaini atakuwa na simu zinazolia wiki nzima, maana kila aliyezoea kuona kitu atadai amenyang'anywa.

Kuna mlango wa pili usiotazamwa. Ripoti zilizokwisha andaliwa huhifadhiwa kwenye majalada, na majalada yana ruhusa zake mbali na zile za data. Katika toleo la bure, mtu asiyeruhusiwa kugusa jedwali la manunuzi bado anaweza kuisoma ripoti iliyotokana na jedwali hilo ikiwa imewekwa katika jalada analoruhusiwa kulifungua. Si kasoro. Imekusudiwa hivyo, ili bosi aandaliwe ripoti bila kupewa majedwali. Lakini mhasibu akiihifadhi ripoti yake ya "Faida kwa kila bidhaa" katika jalada la wote kwa kuwa ndilo lililo karibu, bei ya kununulia imetoka nje. Heri kila idara iwe na jalada lake, na la wote liwe la kusoma tu.

Je, meneja wa Morogoro anaweza kuzuiwa asione mistari ya Dodoma ndani ya jedwali lile lile? Kuzuia kwa mistari, ambapo mtambo wenyewe unamchujia kila mtu yanayomhusu, kumo katika toleo la kulipia. Katika toleo la bure njia iliyopo ni kutengeneza ndani ya hifadhidata majedwali ya kutazamia, moja kwa kila tawi, na kumpa kila meneja la kwake. Kwa matawi matatu inawezekana. Kwa matawi thelathini, msimamizi atatumia muda wake wote humo, na mwenye mali apige hesabu kama leseni si nafuu. Na ruhusa ya kuandika SQL kwa mkono isigawiwe ovyo, kwa kuwa anayeandika swali mwenyewe hapitii kwenye chujio lile.

Barua pepe zinazojituma

Mtambo unaweza kuambiwa upeleke dashibodi kwa barua pepe kila Jumatatu asubuhi. Wakurugenzi wanaipenda sana huduma hii. Ila ripoti inayotumwa huonyesha data kama aliyeiandaa anavyoiona. Mhasibu anayeona vyote akiipanga kwa wauzaji, wauzaji wataona vyote kwenye barua.

Tena anwani inayopokea si lazima iwe ya mtumiaji wa mtambo. Mfanyakazi aliyeacha kazi na kuhamia kwa mshindani anaweza kufungiwa akaunti siku hiyo hiyo, lakini kama anwani yake binafsi iliandikwa kwenye orodha ya wapokeaji, kila Jumatatu ataendelea kupata mauzo ya kampuni aliyoiacha. Kadhalika viungo vya umma: msimamizi akivifungulia, ripoti inapewa anwani ya wavuti ambayo yeyote mwenye nayo anaifungua bila neno la siri, na anwani hiyo ikishapita kwenye simu ya mmoja, inaenea. Katika ukurasa wa msimamizi kuna orodha ya viungo vilivyo wazi. Ipitiwe kila mwisho wa mwezi pamoja na orodha ya wapokeaji.

Neno "mauzo" lina maana ngapi?

Ugomvi mwingi katika vikao vya wakurugenzi hautokani na wizi. Mameneja wawili wanaleta takwimu mbili za mwezi mmoja, na wote wawili wametumia mtambo ule ule. Mmoja alijumlisha ankara zote zilizotolewa. Mwingine alitoa bidhaa zilizorudishwa. Wa tatu, kama yupo, alijumlisha fedha zilizoingia tu na kuacha mikopo. Na kama safu ya bei ina Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake, wote watatu wameihesabu fedha ya serikali kuwa yao.

Jambo hili lilionekana mapema. Nguvu ya Business Objects katika miaka ya 1990 ilikuwa kwenye tabaka la kati lililokaa baina ya mtumiaji na hifadhidata, ambamo majina ya kibiashara yalifafanuliwa mara moja na kila mtu akayatumia. Metabase nayo ina njia ya kuhifadhi fasili: msimamizi anaandaa swali moja la msingi ambalo tayari limeondoa ankara zilizofutwa, marejesho na kodi, analiita "Mauzo halisi", na wengine wanajenga juu yake badala ya kurudi kwenye jedwali ghafi. Yale majedwali ghafi yanafichwa yasionekane kwenye orodha. Fasili yenyewe isitungwe na fundi wa kompyuta. Iandikwe na mhasibu, ilingane na jumla za stakabadhi za mashine za EFD, isainiwe na mkurugenzi.

Pana mtego mdogo unaohusiana na hilo. Orodha ndefu isiyojumlishwa, mfano ankara moja moja za mwezi, Metabase huionyesha mistari 2,000 ya kwanza kwenye kioo na kueleza hivyo kwa maandishi madogo. Mtu anayeikopi orodha hiyo na kuijumlisha pembeni anapata jumla pungufu bila kujua. Mambo ya namna hii yamewahi kuwapata wakubwa: Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iligundua kwamba karibu visa 16,000 vya korona havikuingia katika takwimu kwa wakati, kwa kuwa faili la zamani la Excel lina kikomo cha mistari 65,536 na iliyozidi ilidondoka. Kujumlisha kufanywe na mtambo wenyewe, au faili zima lipakuliwe.

Saa tatu zinazopotea

Hifadhidata nyingi huweka saa kwa kipimo cha kimataifa, UTC. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Samaki waliouzwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti, kwa UTC wameuzwa saa tano usiku tarehe 31 Julai. Kwa duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi hilo halina athari. Kwa mfanyabiashara wa samaki, wa mazao yanayoshushwa alfajiri, wa kituo cha mafuta au wakala wa fedha kwa simu anayefanya kazi usiku, sehemu ya mauzo ya kila siku inahesabiwa siku iliyotangulia, na mwisho wa mwezi hailingani na daftari la mhasibu.

Dawa ni msimamizi kuchagua majira ya Dar es Salaam au Nairobi katika mipangilio ya ripoti. Lakini mpangilio huo unafanya kazi pale tu safu ya tarehe ilipohifadhiwa pamoja na alama ya majira. Programu nyingi za kuuzia huhifadhi saa tupu, na hapo hapana budi kurekebisha ndani ya swali la msingi. Njia ya kupima ni kufanya mauzo moja ya majaribio saa saba usiku na kuangalia yamelala tarehe ipi.

Mtambo unapolemaza duka

Mwisho wa mwezi kila meneja anafungua ripoti ya miezi kumi na miwili. Maswali haya ni mazito. Yakiingia kwenye hifadhidata ile ile inayotoa ankara, foleni ya wateja inasimama kwenye kaunta huku kompyuta "ikifikiri". Kampuni yenye mauzo mengi huandaa nakala ya hifadhidata inayojisasisha yenyewe, na ripoti zote zikasoma humo. Isiyo na uwezo huo ipange ripoti nzito zihifadhi majibu yake kwa saa kadhaa, ili watu kumi wakiuliza jambo moja hifadhidata iulizwe mara moja.

Uzembe ulio ghali kuliko wote

Mtambo wenyewe una hifadhidata yake ndogo inayotunza watumiaji, ruhusa, maswali na dashibodi. Metabase ikifungwa kama ilivyo, inatumia faili moja la aina ya H2 lililo ndani yake. Watengenezaji wenyewe wanaelekeza kwamba faili hilo ni la kujaribia, na kwa kazi halisi itumike PostgreSQL au MySQL. Walio wengi hujaribu, wanapendezwa, na jaribio linageuka kazi bila kuhamishwa. Wanaoifunga kwa kontena la Docker wako hatarini zaidi: faili likikaa ndani ya kontena na kontena likaondolewa ili kuweka toleo jipya, kazi ya mwaka mzima imekwenda. Mauzo yenyewe yapo salama, lakini ripoti mia mbili, ruhusa na fasili zote zinaanzwa upya. Nakala ya akiba ichukuliwe kila usiku, ihifadhiwe mahali pengine, na angalau mara moja irudishwe kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka.

Matoleo mapya nayo hayaahirishwi. Julai 2023 ilitangazwa kwamba tokeni iliyokusudiwa kutumika mara moja tu wakati wa kufunga Metabase ilikuwa inabaki na kuonekana na mtu yeyote, hata asiye na neno la siri, na kwa kupitia hiyo mgeni aliweza kuendesha amri kwenye seva. Toleo la kurekebisha lilitolewa mwezi huo huo. Aliyeweka toleo hilo alisalimika; ambaye mtambo wake uko wazi kwenye intaneti na haujaguswa tangu hapo, hajui nani yumo ndani. Miezi mitatu kabla, Aprili 2023, watafiti wa Horizon3.ai walionyesha kwamba seva nyingi za Superset zilizokuwa wazi kwenye intaneti, theluthi mbili hivi ya walizozikuta, zilitumia ufunguo wa siri uliokuja na programu, ufunguo ambao kila mtu anaweza kuusoma. Aliyekuwa nao aliweza kujitengenezea kitambulisho cha msimamizi.

Biashara ndogo hazina sababu ya kuuacha mtambo wa ripoti wazi kwa dunia nzima. Uwekwe nyuma ya mtandao wa ndani wa kampuni, na anayetaka kuuona akiwa safarini apite njia ya siri iliyofungwa kwa ajili hiyo.

Sheria nayo imeingia

Orodha ya wadaiwa ina majina, namba za simu na madeni ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamwajibisha anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Kiungo cha umma kilichosahaulika, chenye majina ya wadaiwa, kinaweza kumfikisha mwenye duka mbele ya Tume hata kama aliyekifungua ni kijana wa kompyuta.

Mwenye hisa aulize nini

Mwekezaji mdogo hawezi kuingia chumba cha seva. Lakini kampuni inayotangaza katika taarifa yake ya mwaka kwamba imeweka mfumo wa kisasa wa taarifa za menejimenti inaweza kuulizwa kwenye mkutano mkuu. Watu wangapi wana ruhusa ya usimamizi? Jibu la kuridhisha ni wawili au watatu, si mmoja ambaye akiugua kazi inasimama, wala si kumi na tano. Fasili ya mauzo katika ripoti za ndani inalingana na ile ya hesabu zilizokaguliwa? Wafanyakazi walioondoka mwaka huu walifungiwa akaunti baada ya siku ngapi? Mkaguzi wa hesabu hupewa akaunti yake mwenyewe ya kusoma tu, au huletewa karatasi zilizochapwa tayari?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowapa baadhi ya wakurugenzi kigugumizi, kwani karatasi iliyochapwa haionyeshi ni swali gani liliulizwa kuipata.